Televisheni mbili chini ya paa moja

Alasiri ya Jumatatu, tarehe 2 Novemba 1936, wageni rasmi walipanda kilima cha Alexandra Palace, kaskazini mwa London, kufungua kituo cha televisheni cha BBC. Alikuwapo mwenyekiti wa BBC, R. C. Norman. Alikuwapo waziri wa posta, Meja G. C. Tryon. Alikuwapo pia Lord Selsdon, ambaye kamati yake ndiyo iliyozaa shughuli nzima. Saa tisa wakaanza: walisimama mbele ya mitambo, wakahutubia, wakamaliza. Kisha wakaenda studio nyingine, yenye mitambo mingine, wakazirudia hotuba zilezile tangu mwanzo.

Hakuna aliyekuwa amekosea. BBC ilikuwa imewekewa chini ya paa moja televisheni mbili zisizoelewana, kila moja na studio yake, mafundi wake na namna yake ya kuikata picha. Nani atangulie siku hiyo iliamuliwa kwa kurusha shilingi, na kampuni ya John Logie Baird ikashinda. Ushindi wenyewe haukufika mbali. Miezi mitatu baadaye mitambo yake ilizimwa isiwashwe tena.

Kwenye chemsha bongo swali la nani aliyevumbua televisheni huwa na jibu moja, Baird, na anayelitaja hupewa maksi. Jibu hilo si la uongo. Ila ni jibu la televisheni moja kati ya zile mbili, na hiyo iliyoko sebuleni kwako ni ya ukoo wa ile nyingine.

Tuanze na ugumu wenyewe, maana wengi huuruka. Redio hubeba kitu kimoja kwa wakati mmoja. Sauti, iwe ya mtu mmoja au ya kundi zima la taarabu, ikifika kwenye maikrofoni imeshakuwa msukumo mmoja wa hewa unaopanda na kushuka, na umeme unaweza kuufuatisha. Picha haiko hivyo. Uso wa mtu ni maelfu ya vidoa, kila kimoja na mwanga wake, na vyote vipo kwa pamoja. Wimbi la kuvibeba ni moja. Utapitishaje halaiki kwenye mlango wa mtu mmoja?

Msusi wa mikeka analo jibu. Mkeka hausukwi wote kwa mpigo. Husukwa ukili, mrefu na mwembamba, kisha ukili ukashonwa ubavu kwa ubavu mpaka upana utimie. Televisheni kwanza huufumua mkeka. Kule studio picha huchanwa iwe kili, kili zikapita hewani moja baada ya nyingine, na nyumbani zikashonwa upya kwa mpangilio uleule. Zikishonwa upesi vya kutosha, jicho hudanganyika likaona mkeka mzima. Ukili mmoja ndio mstari mmoja. Mistari ikiwa michache na mipana, unaona kivuli cha mtu. Ikiwa mingi na myembamba, unaona kope zake. Ndiyo maana kisa chote cha televisheni ya Uingereza kabla ya vita kinaweza kufuatwa kwa namba tatu: 30, 240 na 405.

Njia ya kwanza ya kuichana picha ilibuniwa na mwanafunzi wa Berlin, Paul Nipkow, aliyeombea hataza mwaka 1884. Alichora sahani inayozunguka, yenye matundu madogo yaliyopangwa kama konokono, kila tundu likiwa karibu kidogo zaidi na katikati kuliko lililotangulia. Sahani ikizunguka mbele ya picha, tundu la kwanza hupita juu ya ukili mmoja, la pili juu ya ukili wa jirani yake, na kuendelea. Mzunguko mmoja, picha moja. Nyuma ya sahani panawekwa kifaa cha kuhisi mwanga, ambacho hugeuza mwanga na giza kuwa umeme mwingi au kidogo. Kule mwisho wa safari panakuwa na sahani ya pili inayozunguka kwa mwendo uleule, na nyuma yake taa inayong'aa na kufifia kufuata umeme huo. Wazo lilikuwa safi kabisa. Kilichokosekana zama za Nipkow ni njia ya kuukuza umeme dhaifu namna hiyo, kwa hiyo hataza ikabaki karatasi.

Baird aliikuta karatasi hiyo dunia ikiwa imeshapata valvu za redio za kukuza umeme. Alizaliwa Helensburgh, Scotland, mwaka 1888, mwana wa mchungaji, mgonjwa mgonjwa tangu utoto. Kabla ya televisheni alishajaribu kuuza soksi, sabuni, hata kupika jamu kisiwani Trinidad. Mwaka 1923 alihamia mji wa pwani wa Hastings kutafuta afya, na huko ndiko alikoanza kuunganisha mtambo wake: sanduku la majani ya chai, boksi la kofia, lenzi za taa za baiskeli, sindano za kufumia soksi, kamba na nta ya kufungia barua. Mitaa yetu ina mafundi wa aina hii, wanaotengeneza feni kwa mota ya mashine ya kufulia, na nadhani ndiyo sababu Baird hupendwa na kila anayesoma habari zake.

Mwaka 1925 alikuwa London, chumba cha juu nambari 22, Frith Street, mtaa wa Soho. Majira ya kuchipua ya mwaka huo alikuwa ameonyesha vivuli vya vitu kwenye duka kubwa la Selfridges, vivuli tu, visivyo na sura. Alichotaka ni uso wenye mwanga na kiwiliwili. Mbele ya mtambo alikuwa ameweka kichwa cha mwanasesere aliyeitwa Stooky Bill, kwa sababu taa alizohitaji zilikuwa na joto ambalo binadamu asingelivumilia kutwa nzima. Tarehe 2 Oktoba 1925 kichwa kile kikatokea upande wa pili na pua yake, macho yake na vivuli vyake. Baird akashuka ngazi mbio, akamshika kijana wa ofisi iliyokuwa chini, William Taynton, akampandisha. Kijana alikaa mbele ya taa, Baird akakimbilia kwenye kioo: patupu. Kumbe Taynton alikuwa amerudi nyuma kwa kuogopa joto. Akapewa shilingi mbili na nusu ili akae. Ndivyo binadamu wa kwanza alivyoonekana kwenye televisheni, kwa malipo. Tarehe 26 Januari 1926 watu kama 40 wa Royal Institution walipandishwa ngazi zilezile kwa mafungu kushuhudia.

Sasa hapa ndipo penye fundo. Mistari 30 ni michache mno, na wasomaji wa leo humwona Baird kama mtu aliyeridhika na kidogo. Lakini piga hesabu. Picha yake ilikuwa ya wima, upana sehemu tatu kwa urefu sehemu saba, karibu kama simu inavyoshikwa leo. Mistari 30, kila mmoja na vidoa kama 70, ni vidoa 2,100 kwa picha. Picha zilikuwa 12 na nusu kwa sekunde. Jumla, vidoa 26,250 kila sekunde. Mzigo huo ulikuwa unaingia kwa kubanana kwenye nafasi ambayo kituo cha kawaida cha redio ya mawimbi ya kati kilikuwa nayo hewani. Mistari 60 isingepita. Baird alikuwa na kichwa cha biashara kuliko watu wanavyomdhania: alitaka picha ipite kwenye mitambo iliyokwisha kujengwa, mwaka uleule, wala asingoje miaka kumi. Bei ya haraka hiyo ilikuwa mistari 30.

Mitambo hiyo ilikuwa ya BBC, na BBC haikuwa na hamu. Wahandisi wake waliiangalia picha ile wakaona haifai kuitwa huduma ya umma. Mkuu wa shirika, John Reith, alikuwa amesoma na Baird chuo kimoja Glasgow, na undugu huo wa darasani haukusaidia kitu. Upande wa pili kampuni ya Baird ilikuwa imeuza hisa kwa umma, ilikuwa na magazeti, ilikuwa na wakubwa wa kuisemea, na Posta, ambayo ndiyo iliyogawa vibali vya hewani, ikaibana BBC. Tarehe 30 Septemba 1929 majaribio yakaanza kupitia mtambo wa London uitwao 2LO. Kwa kuwa mtambo ulikuwa mmoja na wimbi moja, ilibidi kuchagua: ama picha, ama sauti. Mtu alionekana akichezesha midomo kimya, kisha picha ikatoweka akasikika akisema. Mambo yalitengemaa Machi 1930, mitambo miwili ya Brookmans Park ilipoanza kazi na picha na sauti zikasafiri pamoja.

Tarehe 14 Julai 1930 wakaonyesha tamthilia ya kwanza, kazi fupi ya Mwitaliano Luigi Pirandello. Ilichaguliwa kwa sababu ya udogo wake: wahusika wachache, mwendo kidogo, maneno mengi. Fremu ilitosha kichwa na mabega ya mtu mmoja. Zamu ya mwigizaji mwingine ikifika, ubao ulisukumwa mbele ya mtambo kuficha kila kitu, huyu akaondoka kitini, yule akakaa, ubao ukatolewa.

Na usidhani waigizaji hao walimulikwa kwa taa kubwa. Wakati huo Baird alikuwa ameugeuza mtambo wake. Badala ya kumulika uso wote na kuuchungulia kwa sahani, aliiweka taa nyuma ya sahani, ikatoa mwale mwembamba uliokuwa ukimpapasa mtu mstari kwa mstari ndani ya chumba cha giza, huku vifaa vya kuhisi mwanga vikiokota kile kilichoakisiwa. Kwa maneno mengine, kamera ndiyo iliyokuwa inamulika. Mwimbaji alisimama gizani, mwanga ukimpigapiga machoni bila kukoma, uso umepakwa weupe, midomo na nyusi zimekolezwa rangi nzito ili zisipotee kwenye mistari 30.

Watazamaji walikuwa wachache na wabishi wa ufundi. Kifaa cha nyumbani, kilichouzwa kwa jina la Televisor, kiliuzwa pauni kama 26, na vilitoka vipatavyo elfu moja tu. Wengi walijitengenezea wenyewe kwa vipande vya kununua. Picha ilikuwa ndogo, ya rangi ya machungwa kwa sababu ya taa ya neoni, ukiichungulia kupitia lenzi. Waziri mkuu Ramsay MacDonald alikuwa nacho kimoja Downing Street. Mwaka 1932 BBC ikaichukua shughuli yenyewe na kuihamishia kwenye chumba cha chini cha jengo lake jipya, Broadcasting House, na matangazo ya mistari 30 yakaendelea mpaka Septemba 1935. Kwa kuwa yalipita mawimbi ya kati, usiku yalifika mbali sana nje ya London. Shika jambo hilo la umbali, maana televisheni iliyofuata ililipoteza.

Turudi nyuma kidogo, kwa mtu ambaye chemsha bongo haimtaji. Mwaka 1908 mhandisi wa Kiskoti, A. A. Campbell Swinton, aliandika barua kwenye jarida la Nature. Hoja yake ilikuwa kwamba sahani na vioo havitaweza kamwe kwenda kwa kasi inayotakiwa kwa picha nzuri, kwa sababu ni vitu, na vitu vina uzito. Kinachofaa ni mwali wa elektroni ndani ya chupa isiyo na hewa, unaopindishwa kwa sumaku, kwa maana elektroni ni nyepesi kiasi kwamba unaweza kuiambia iende popote papo hapo. Mwali mmoja studioni, mwali mwingine nyumbani. Hakuutengeneza. Alijua hawezi, na alisema wazi. Lakini kila televisheni ya kioo kinene uliyowahi kuibeba ukihama nyumba ilikuwa barua hiyo imetimia.

Waliotimiza sehemu ya Uingereza walikuwa EMI, kampuni iliyoundwa mwaka 1931 kwa kuunganisha makampuni mawili ya santuri, yenye maabara huko Hayes, magharibi mwa London. Kiongozi wa utafiti alikuwa Isaac Shoenberg, mhandisi mzaliwa wa Pinsk katika Urusi ya kifalme. Chini yake walikuwapo J. D. McGee na William Tedham kwenye kamera, Alan Blumlein kwenye mikondo ya umeme, na wengine wengi. Hakuna aliyekuwa peke yake chumbani na boksi la kofia. Walikuwa na fedha, vifaa vya kutoa hewa kwenye chupa, na haki ya kutumia hataza za RCA, kampuni ya redio ya Marekani, iliyokuwa na hisa EMI na ambako Vladimir Zworykin alikuwa akiunda kamera ya namna ileile. Ya EMI iliitwa Emitron.

Ubora wa Emitron hauko kwenye kasi peke yake, na hapa ningependa tukae kidogo. Sahani ya Nipkow ina dhambi kubwa ya ubadhirifu. Ikiwa picha ina vidoa 2,100, kila kidoa kinaangaliwa kwa sehemu moja tu ya 2,100 ya muda; mwanga wake wote uliobaki unamwagika bure. Ukiongeza mistari, hasara inakuwa mbaya zaidi, na ndiyo sababu taa za Soho zilichoma vile. Ndani ya Emitron kulikuwa na kigae chembamba kilichopakwa chembe nyingi mno za fedha, kila moja imetengwa na jirani yake. Picha ikiangukia juu yake, kila chembe hukinga mwanga kama ndoo iliyowekwa chini ya mchirizi wa bati wakati wa mvua. Ndoo zote zinajaa kwa wakati mmoja, muda wote. Mwali wa elektroni ukipita, unazimwaga moja moja na kupeleka habari ya kiasi ilichokuta. Tone halipotei, au tuseme hayapotei mengi. Kwa hiyo Emitron iliweza kutoka nje na kuona kwa mwanga wa jua la Uingereza, tena la mawingu.

Namba 405 nayo ina sababu, ingawa kwa nje inaonekana kama ya bahati nasibu. Shoenberg alitaka picha 25 kwa sekunde, lakini 25 hupepesa macho. Timu yake ikazichora kwa kurukaruka: kwanza mistari ya 1, 3, 5, kisha kurudi kujaza 2, 4, 6, hivyo kioo kikafagiliwa mara 50 kwa sekunde bila kuongeza mzigo. Hamsini ni mapigo ya umeme wa majumbani Uingereza, huohuo wa hezi 50 unaotoka kwenye soketi za Nairobi na Dar es Salaam mpaka leo. Picha ikienda sambamba na umeme, mikwaruzo ya umeme haitembei juu ya kioo. Ili mistari ipishane vizuri, jumla yake lazima iwe witiri. Na ili saa ya mtambo, iliyopiga mara 20,250 kwa sekunde, igawanywe mpaka kufika 50 kwa vigawanyo vidogo visivyoyumba, inafaa namba inayovunjika vipande vidogo: 3 mara 3 mara 3 mara 3 mara 5. Jibu ni 405. Wengine walikuwa wanazungumzia 240. Shoenberg aliirukia 405 kabla hata timu yake haijahakikisha itaweza, na sioni uamuzi mwingine katika kisa hiki uliokuwa na ujasiri kama huo.

Gharama ikaja upande mwingine. Mistari 405 ni karibu vidoa laki mbili kwa picha, na kwa picha 25 ni milioni tano kwa sekunde, kama mara 200 ya mzigo wa Baird. Mawimbi ya kati hayabebi hata chembe ya hiyo. Ilibidi kupanda hadi megahezi 45, na mawimbi ya huko huenda kama mwanga, yakikomea kwenye upeo wa macho. Ndiyo sababu kilima. Alexandra Palace, jumba la starehe la zama za Malkia Victoria lililoungua siku 16 baada ya kufunguliwa mwaka 1873 na kujengwa upya, lilisimama zaidi ya futi 300 juu ya usawa wa bahari. Ukiongeza mnara na mlingoti, antena zilikuwa kama futi 600. Hata hivyo zilihudumia London na viunga vyake tu. Aliyekuwa Scotland, nchi ya Baird, hakuona kitu, ingawa shilingi kumi zake za leseni ya redio zilikuwa kwenye kapu hilohilo.

Kwa nini basi zote mbili? Kamati ya Selsdon iliundwa Mei 1934 na kutoa ripoti Januari 1935. Ilisema BBC iendeshe huduma ya picha yenye angalau mistari 240, na kwamba Baird na Marconi-EMI, kampuni ya pamoja ya EMI na kampuni ya redio ya Marconi, wapokezane zamu. Maneno yalikuwa ya kiufundi. Ndani yake mlikuwa na siasa. Kumfungia Baird nje, na wanahisa wake na jina lake magazetini, kungeleta makelele. Kumpa kazi yeye peke yake kungekuwa kujifunga. Na tukiwa hapo hapo: dai kwamba BBC ilikuwa ya kwanza duniani linategemea mstari huo wa 240. Berlin ilikuwa imeanza matangazo ya kawaida Machi 1935 kwa mistari 180. Kamati iliweka kipimo, na kwa kipimo chake Uingereza ikawa ya kwanza. Sio uongo, ila ni vizuri kujua nani aliyeshika rula.

Wiki moja zamu ya Baird, wiki inayofuata zamu ya Marconi-EMI. Baird hakuwa na kamera ya elektroni iliyokomaa. Alijaribu ile ya Mmarekani Philo Farnsworth, haikumtosheleza. Kwa mistari 240 sahani isingepata mwanga wa kutosha kwa studio nzima, kwa hiyo akapita njia ya ajabu: mandhari yalipigwa kwa kamera ya sinema, filamu ikashuka moja kwa moja kwenye matangi, ikasafishwa kwa dawa ambazo sianidi ilikuwa mojawapo, ikaoshwa, na ingali mbichi ikapitishwa mbele ya mtambo wa kuisoma. Yote hayo kwa muda usiozidi dakika moja au karibu nayo. Sauti nayo ilibidi icheleweshwe ili isifike kabla ya midomo. Kamera ilikuwa imefungwa mahali pamoja na matangi yake, haiwezi kusogea. Wasanii ndio waliosogea. Watangazaji waliingizwa kibanda cha giza cha ule mwale wa zamani. Kwenye studio ya pili, Emitron zilisukumwa huku na huku juu ya magurudumu, na picha ilikuwa ya papo hapo.

Wasanii waliona tofauti kabla ya wanakamati. Juu ya hayo, usiku wa tarehe 30 Novemba 1936 jumba la Crystal Palace, kusini mwa London, ambako maabara za Baird zilikuwa, liliteketea. Februari 1937 uamuzi ulitangazwa: Marconi-EMI peke yake. Sidhani moto ndio uliomuangusha. Aliangushwa na kitu kilekile kilichompandisha, ile tabia ya kutumia kilichopo mkononi leo. Na baada ya hapo ndipo alipofanya baadhi ya kazi zake nzuri, za televisheni ya rangi.

Kilichofuata ni miaka miwili na nusu mifupi yenye uhai mwingi. Mpishi Marcel Boulestin alikaanga mayai mbele ya kamera, bwana C. H. Middleton akafundisha kupanda maua. Tarehe 12 Mei 1937 kamera tatu ziliwekwa Hyde Park Corner, zikiunganishwa na Alexandra Palace kwa kebo maalumu, kusubiri msafara wa kutawazwa kwa George VI. Ndani ya kanisa la Westminster Abbey hazikuruhusiwa. Inakadiriwa watu 10,000 walitazama. Aprili 1938 fainali ya Kombe la FA ilionyeshwa nzima. Preston na Huddersfield zilikuwa bila kwa bila dakika za nyongeza zikiyoyoma, mtangazaji Thomas Woodrooffe akasema likiingia goli sasa atakula kofia yake. George Mutch akafunga penalti. Septemba mwaka huo kamera zilikuwa uwanja wa ndege wa Heston, waziri mkuu Neville Chamberlain akirudi kutoka Munich na karatasi ya makubaliano yake na Hitler.

Seti zilianza kuuzwa karibu pauni 100, bei ya gari dogo jipya. Chupa yake ilikuwa ndefu hata isitoshee kulala, kwa hiyo nyingi ziliisimamisha wima ndani ya kabati, uso ukitazama dari, na familia ikaangalia picha kwenye kioo cha kujitazamia kilichofungwa upande wa ndani wa mfuniko. Bei zikashuka. Kufikia 1939 seti zilikuwa zimekaribia 20,000.

Ijumaa, tarehe 1 Septemba 1939, mchana, Alexandra Palace ilionyesha katuni ya Mickey Mouse, kisha ikazimwa. Hekaya inasema waliikata katikati, na mwaka 1946 wakaiendeleza pale walipoachia. Hapana. Katuni iliisha, zikafuata alama za kupimia mitambo, ndipo giza. Ilipofunguliwa tena, tarehe 7 Juni 1946, waliionyesha upya, kwa utani. Kuzimwa kwenyewe kulikuwa na sababu: mlingoti ule ungeweza kuwaongoza marubani wa Kijerumani, na wahandisi wa televisheni walitakiwa kwenye rada. Blumlein alikufa humo, Juni 1942, ndege ya majaribio ilipoanguka. Mlingoti haukulala pia. Mwaka 1941 uligundulika kuwa uko kwenye masafa yaleyale ambayo Wajerumani walitumia kuongoza ndege zao za mabomu, ukawashwa kuyavuruga.

Baird alifariki tarehe 14 Juni 1946, wiki moja baada ya televisheni kurudi. Mistari 405 iliendelea kutumika Uingereza mpaka Januari 1985.

Ukitaka kuyaona matangazo yenyewe ya miaka hiyo, utakutana na jambo ambalo mshindi hakulitarajia. Ishara ya mistari 30 ilikuwa nyembamba kiasi cha kuingia kwenye santuri ya kawaida. Baird mwenyewe alirekodi santuri kadhaa mwaka 1927 na 1928 akashindwa kuzisoma, na miaka mingi baadaye mhandisi Donald McLean akazisafisha kwa kompyuta. Stooky Bill yumo, anageuza kichwa. Aprili 1933 shabiki mmoja alirekodi nyumbani kwake, kwenye santuri ya alumini, wasichana wakicheza dansi kwenye kipindi cha BBC. Mistari 405 hakuna santuri ya wakati ule iliyoweza kuirekodi. Matangazo yake ya moja kwa moja yalipita hewani yakaisha. Yaliyobaki yalinaswa ng'ambo ya bahari: Novemba 1938, jua likiwa na madoa mengi, anga la juu lilirudisha chini mawimbi yaliyopaswa kupotelea angani, na wahandisi wa RCA huko Riverhead, Long Island, wakaelekeza kamera ya sinema kwenye kioo cha seti yao. Ni dakika nne hivi, bila sauti. Uso wa mtangazaji Jasmine Bligh unatokea, unapinda, unafifia, unarudi.